KoboToolbox kwa mshauri wa maendeleo ya jamii: inapofaa na inapokwama

Hadidu za rejea zikidai tathmini ya awali ya kaya 400 katika kata nne na ripoti ndani ya wiki sita, mara nyingi fungu la programu halimo kwenye bajeti. Ndiyo maana washauri wengi wa masuala ya kijamii na kiuchumi, Tanzania na Kenya, hukimbilia KoboToolbox. Ni programu huria iliyozaliwa Harvard Humanitarian Initiative kwa ajili ya kukusanya taarifa kwenye maeneo ya vita na maafa, na leo inaendeshwa na shirika lisilo la faida. Simu ya Android ya bei ya chini inaiweza, na kijijini kusiko na mtandao kazi inaendelea. Kwa kazi ya ukubwa huo tunaipa alama za juu. Lawama nyingi zinazotupiwa Kobo zinastahili kwenda kwa aliyeandika dodoso, ingawa zipo chache ambazo ni zake kweli.

Dodoso linaweza kutengenezwa kwenye tovuti kwa kubofya, lakini likifika maswali 60 achana na njia hiyo. Andika kwenye Excel kwa mtindo wa XLSForm: karatasi ya survey yenye maswali, ya choices yenye majibu, na ya settings. Safu ya relevant huficha swali lisilomhusu mhojiwa. Safu ya constraint hukataa jibu lisilowezekana, na constraint_message ndiyo ya kumweleza mdadisi kwa nini limekataliwa. Ujumbe huo uandike kwa Kiswahili cha kawaida, kwa mfano "Idadi ya watoto haiwezi kuzidi idadi ya wanakaya". Mdadisi asiyeelewa kosa lake hubadilisha namba yoyote ilimradi fomu ipite, na hapo umejitengenezea data safi ya uongo.

Neno "jumuishi" kwenye hadidu za rejea hupimwa hapa. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mteja atataka kujua hao wa asilimia 2 ni wangapi na wako wapi. Ukiuliza "Je, kuna mtu mwenye ulemavu katika kaya hii?" utapata wachache mno, kwa sababu wapo wanaoona aibu na wapo wasiohesabu uzee au usikivu hafifu kuwa ulemavu. Tumia maswali 6 ya Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Kila swali lina majibu manne, kuanzia 1, hakuna ugumu, hadi 4, hawezi kabisa. Anayepata 3 au 4 katika angalau eneo moja anahesabiwa. Kwenye Kobo hilo ni kokotoo (fomula) la mstari mmoja linalomwekea alama mhusika huku mdadisi haoni, na usiligeuze kuwa swali la kusomwa. Neno "ulemavu" lisitajwe popote kabla ya maswali hayo sita.

Tatizo jingine la ujumuishi ni nani anajibu. Wadadisi wakiachiwa, watamhoji baba mwenye nyumba au yeyote aliyekutwa kibarazani. Weka orodha ya wanakaya wenye miaka 18 na zaidi, kisha fomu yenyewe ichague mmoja kwa bahati nasibu. Kokotoo la random liwekwe ndani ya once, la sivyo namba itabadilika kila fomu inapofunguliwa upya na aliyechaguliwa asubuhi atakuwa mwingine jioni. Na hakuna programu itakayokuokoa ikiwa orodha ya kaya uliyopewa na mwenyekiti wa kitongoji imewaruka wapangaji, wafugaji wanaohama na wake wa pili wanaoishi nyumba zao. Pitia orodha hiyo na wanawake wa kitongoji husika kabla ya kuchagua sampuli.

Sasa saa. Programu hii haijui saa zetu. Mama akisema anakwenda kuteka maji saa kumi na moja alfajiri, wadadisi wawili wataingiza vitu viwili: mmoja 05:00, mwingine 11:00. Kwenye uchambuzi utakuta kijiji kizima kinateka maji mchana wa jua kali. Usitumie kabisa swali la aina ya time. Uliza saa kama namba 1 hadi 12 jinsi ilivyotamkwa, kisha swali la kuchagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kugeuza kufanywe na kokotoo.

Vipimo vina shida hiyohiyo. Heka (ekari) husikika kama hekta, na hekta moja ni takriban heka mbili na nusu. Heka ya kijijini hupimwa hatua 70 kwa 70. Mwenye hatua ya mita moja anapata mita za mraba 4,900, wakati heka halisi ni kama 4,047. Gunia nalo laweza kuwa la debe sita au la lumbesa. Andika kipimo alichotaja mkulima, uliza gunia lake lina debe ngapi, na ubadilishe mwenyewe baadaye. Kwa mashamba unaweza kuzunguka na simu na kupata eneo kwa kokotoo la area, ila kwenye robo heka makosa ya GPS hula sehemu kubwa ya jibu.

Uwanjani, GPS ndani ya nyumba ya bati hukwama. Mdadisi atoke nje, asubiri usahihi ufike mita 10 au chini, ndipo ahifadhi. Picha ziwekewe max-pixels=1024, kwani mpango wa bure una ukomo wa hifadhi na wa idadi ya fomu zinazotumwa, na picha ndizo zinazoimaliza hifadhi. Aina ya audit iwekwe tangu mwanzo: inarekodi muda wa kila swali, hivyo mahojiano ya kaya yaliyokamilika kwa dakika sita yanajianika. Wenye iPhone hawana KoboCollect, programu ya simu ya kujazia fomu za Kobo. Watajaza kwenye kivinjari, na wakifuta kumbukumbu za kivinjari kabla ya kutuma, fomu zimekwenda. Kila jioni kiongozi wa timu ahesabu fomu zilizofika kwenye seva dhidi ya daftari lake. Simu iliyoibwa ikiwa na fomu za siku tatu haina dawa.

Udhaifu mkubwa wa Kobo unaonekana ukibadilisha dodoso katikati ya kazi. Ukibadilisha name ya swali, yaani jina lake la ndani ambalo mhojiwa halioni, seva inaliona ni swali jipya, na jedwali linakuja na safu mbili, kila moja nusu tupu. Badilisha maelezo ya swali upendavyo, name usiiguse. Kundi la kurudia, kama orodha ya wanakaya, hutoka kwenye karatasi yake na lazima uliunganishe na karatasi ya kaya kwa safu za _index na _parent_index. Wengi hukwama hapo. Grafu zake ni za kuangalia maendeleo ya kazi tu. Hazijui uzani wa sampuli, kwa hiyo takwimu za ripoti zitoke kwenye programu za takwimu kama R, Stata au SPSS.

Je, kuna mbadala? SurveyCTO ina udhibiti mkali zaidi wa ubora, lakini ni ya kulipia. CSPro na Survey Solutions ni za bure na zinafaa tafiti kubwa, ila kujifunza kwake kunachukua muda ambao mkataba wa wiki sita hauna.

Taarifa za afya na ulemavu ni nyeti, na seva za Kobo ziko nje ya nchi. Soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, au ya Kenya ya 2019, kabla ya kuandika fomu ya ridhaa. Majina na namba za simu ziwekwe pale tu mradi utakaporudi kwa kaya zilezile.

Seva za umma ni mbili, ya dunia na ya Ulaya, na akaunti ya moja haitambuliki kwenye nyingine. Umiliki wa mradi huhamishwa kwa mteja ndani ya seva moja tu. Muulize yuko ipi kabla ya kupakia dodoso, vinginevyo mwisho wa mkataba utamkabidhi faili za Excel na yeye ataanza upya kwenye tathmini ya mwisho.