Epazote Iliyokaushwa: Inafaa kwa Maharage Tu
Pakiti ya epazote, mmea wa majani ya kiungo katika upishi wa Meksiko, niliyoinunua katika duka la vyakula vya Kimeksiko ina vikonyo vingi kuliko majani, na harufu yake, ambayo katika majani mabichi hukaribia ile ya mafuta ya taa, imefifia mno. Niliitia katika chungu cha maharage meusi robo saa kabla ya kuepua, kama wafanyavyo wapishi wengi wa Meksiko wanaoamini kwamba hupunguza gesi tumboni, na mchuzi ukapata uchungu mwepesi wa kupendeza. Kwa quesadilla, yaani chapati ya Kimeksiko iliyokunjwa yenye jibini, ambamo jani bichi hulazwa zima juu ya jibini hilo, haifai hata kidogo. Duka hilohilo huuza mashada mabichi kwa bei isiyozidi ya pakiti. Heri kununua hayo, ila kwa kiasi, kwani mafuta ya mmea huu yakizidi ni sumu.