Contig kwa diski ya kuzunguka: inapofaa na inaposhindwa

Kompyuta za mezani zilizokwishatumika, zile zinazouzwa Darajani na Mlandege hapa Unguja, nyingi bado zina diski ya kuzunguka. Kompyuta ikichelewa kuwaka, mafaili ya mfumo yaliyokatika vipande huwa miongoni mwa washukiwa. Kwa uchunguzi huo natumia Contig ya Sysinternals (mkusanyo wa zana za Microsoft), programu ndogo ya bure, haisakinishwi. Uzuri wake ni kwamba unaishikisha faili moja ulitakalo wewe, nayo inakwambia liko vipande vingapi.

Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika contig -a kisha jina la faili na njia yake. Hiyo -a hupima tu, haigusi kitu. Hata $Mft, orodha kuu ya mafaili ya NTFS (mpangilio wa Windows wa kuhifadhi mafaili kwenye diski), inapimika. Ukiiondoa -a, kazi ya kuunganisha inaanza. Kabla ya hapo pima nafasi tupu kwa contig -f C:, maana diski ikijaa pomoni faili zima halina pa kukaa na vipande vinabaki vilevile.

Contig inaposhindwa ni pagefile.sys (faili la kusaidia RAM) na hiberfil.sys (faili la kulaza kompyuta, hibernate), kwa kuwa Windows inayashikilia muda wote. Zamani ilikuwepo PageDefrag, ya Sysinternals pia, iliyofanya kazi kompyuta inapowaka, lakini iliishia kwenye XP na Server 2003. Sasa ni kwa mkono. Amri powercfg /h off inafuta hiberfil.sys. Kisha andika sysdm.cpl, ingia Advanced, Settings ya Performance, Advanced tena, Change. Ondoa tiki ya juu, chagua "No paging file", bonyeza Set, washa upya. Endesha defrag C: /X ili nafasi tupu ikusanyike, halafu rudisha pagefile kwa ukubwa mmoja, mwanzo MB 4096 na mwisho MB 4096, uwashe tena. Namba hizo zikitofautiana, faili litakuwa linarefuka na kukatika upya. Kama RAM ni GB 2, usifungue programu nyingine katikati ya kazi hii, huenda zikajifunga.

Wala usihangaike na kila kipande. Tangu Windows 7, defrag haihesabu vipande vya MB 64 na zaidi, kwa sababu muda wa kichwa kuruka ni mdogo mno ukilinganisha na muda wa kusoma kipande chenyewe. Pagefile ya GB 4 katika vipande vitatu haina kasoro, mwache mtu akalale.

Kinachonikera ni watu kuanza na Contig kabla ya kusoma SMART, ripoti ya afya ambayo diski yenyewe inaitunza. C5 (sekta zinazoshindwa kusomeka) ikiwa juu ya sifuri, nakili data kwanza. Kuhamisha mafaili ni kuichosha diski inayokufa. C7 (makosa ya kusafirisha data) ikipanda, aghalabu ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta, na kwa hewa yetu ya chumvi viungio vinashika kutu upesi, khasa kwenye nyumba za pwani. Badilisha waya, usiguse mafaili. Umeme ukikatika katikati ya kazi NTFS kwa kawaida haipotezi faili, kwa kuwa Contig inatumia njia ya Windows yenyewe ya kuhamisha, lakini diski kuukuu haipendi kuzimwa ghafla, basi unganisha UPS, betri ya akiba.

Kwenye SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, usiitumie Contig kabisa. Huko defrag C: /L inatosha, inaiambia SSD nafasi zipi ziko tupu.