TAHADHARI: Wanaojiita "maafande wa misheni" wanaotapeli familia za wanajeshi Mbeya na Iringa

Ndugu wa Mbalizi, Itende, Mafinga na kwingineko Nyanda za Juu Kusini wenye mume, mke, mtoto au kaka jeshini, kuna utapeli unaolenga nyumba zenu, hasa mhusika akiwa nje ya nchi kwenye ulinzi wa amani. Wasomeeni na wazazi wasio na simu janja, maana nao hupigiwa.

Tapeli huanza na picha, simu hufuata baadaye. Kombati ina jina kifuani na cheo begani. Maoni chini ya picha ("safari njema shemeji, Mungu akutangulie Congo") yanamwonyesha mtu alipo. Ukurasa wa mke una majina ya watoto, na pengine namba ya simu ya biashara ya vitenge. Ana kila anachohitaji, na wote tumempa bure.

Kisha anapiga. "Shemeji, mimi ni sajenti wa utawala. Jamaa amepata ajali, yupo hospitali huku Beni, simu yake imepotea." Anataja jina, cheo na mtoto wa kwanza, nawe unaamini. Anaomba elfu hamsini ya dawa. Ukituma, baada ya saa moja kunakuja gharama nyingine kubwa zaidi. Wengine husema posho ya misheni imekwama na inahitaji "ada ya kuifungua". Mwishoni hukuonya usimwambie mtu, eti ni siri ya jeshi. Hapo ndipo wengi hunaswa, kwa sababu familia za wanajeshi zimezoea kutunza siri, na mtu wenu anaweza kukaa kimya siku mbili kwa ubovu wa mtandao tu.

Matibabu ya mlinda amani ni jukumu la jeshi na Umoja wa Mataifa. Hakuna posho inayofunguliwa kwa kutuma pesa kwenye namba ya mtu binafsi. Kata simu, wala usiipigie namba hiyo hiyo kuhakikisha. Nenda getini kambini ukaulize, au muulize mke wa mwenzake wa kikosi kimoja. Kabla mtu hajasafiri, kubalianeni swali la siri ambalo jibu lake halipo mtandaoni: si jina la mtoto wala tarehe ya ndoa, bali kitu kama jina la jirani wenu wa kwanza.

Picha zitumeni, ila si za kombati yenye jina wala zinazoonyesha geti la kambi. Mjue pia kwamba picha ikitumwa WhatsApp kama "dokumenti" inaweza kubeba alama ya mahali ilipopigwa.

Laini ya Tanzania ya mtu wenu aliye misheni, iliyobaki nyumbani, nayo inawindwa. Ikipoteza mtandao ghafla wakati ya jirani wa mtandao huo huo inashika, huenda mtu ameihamishia kwenye kadi nyingine. Piga 100 kwa laini nyingine ya mtandao huo, omba akaunti ya pesa ifungwe. Kila mmoja pia apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Umeshatuma? Piga 100 dakika hiyo hiyo, taja namba ya muamala, omba pesa izuiwe. Ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu mno, kwa hiyo usikae kulia kwanza. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Usifute chochote, nenda nacho polisi ukachukue RB.

Wazazi wenye vijana: nafasi za JKT na JWTZ haziuzwi. Maombi ya JKT ya kujitolea hupitia ofisi za wilaya na mkoa unakoishi, bila malipo. Anayedai "fomu" kisha "pesa ya vipimo" ni tapeli, hata kama barua yake ina nembo na muhuri.

Na dada zetu mnaochati na "askari wa Marekani" anayetuma sanduku la dola: ushuru wa mzigo uliokwama Songwe, kama mzigo upo kweli, hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba (control number) ya tarakimu 12. Ukipewa namba ya simu yenye jina la mtu, mzigo haupo.