FEBio kwa kazi ya gegedu: bure, ila ina masharti yake

Kama unafanya modeli za gegedu na idara yenu haina hela ya leseni, pakua FEBio, programu ya kukokotoa jinsi tishu zinavyobadilika umbo zikibanwa. Imetoka Chuo Kikuu cha Utah wakishirikiana na Columbia, msimbo wake uko wazi, na inakubali Windows, Linux na Mac.

Kilichonivuta ni kwamba hailazimishi gegedu liwe kipande cha raba. Asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake ni maji. Kwingine kuna kolajeni (nyuzi za protini) na proteoglikani (molekuli za protini na sukari) zenye chaji hasi zisizobanduka. Chaji hizo huita sodiamu, maji yanafuata, tishu inavimba mpaka kolajeni iseme basi. Mwaka 1980 mtafiti Mow na wenzake walitoa nadharia ya gegedu iliyohesabu yabisi na maji tu. 1991 Lai, Hou na Mow wakaingiza ioni, yaani chembe zenye chaji kama hiyo sodiamu. Ndani ya FEBio nadharia zote mbili zimo.

Sasa tuje panapotoa watu jasho. Programu haikuulizi presha halisi ya maji, inataka presha fanisi, yaani halisi ukitoa mchango wa osmosisi (mvuto wa maji unaoletwa na chumvi iliyoyeyuka). Wana sababu: presha halisi huruka pale tishu inapokutana na maji ya nje, hii nyingine hairuki. Basi ukilowesha kipande kwenye maji ya chumvi ya 150 mM (milimoli kwa lita), sodiamu 150 na kloraidi 150 jumla ni 300 mM; presha halisi ya nje ikiwa sifuri, kwa joto la 310 K mpakani unaandika −0.77 MPa. Ukiacha sifuri, modeli inafura kabla hujaigusa. Namba hiyo nimeibandika pembeni ya skrini, na kila mwanafunzi mpya lazima aulize ni ya nini.

Vizio ni juu yako, kikokotoo hakijui mita wala milimita. Mimi hutumia mm, N na sekunde, hapo upenyezo wa gegedu (urahisi wa maji kupita ndani yake) unakuwa karibu 0.001 mm⁴/N·s na ukolezi unausoma moja kwa moja kwa mM.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 tu, kwa hiyo badala ya kisahani kizima cha gegedu nakata kabari nyembamba na kuibana pande zake kwa ulinganifu. Majibu ni yale yale, chai haipoi. Goti zima lenye mgusano wa gegedu kwa gegedu, tafuta mashine ya maana.

Nyota nne. Ya tano naibakiza kwa sababu bila kusoma mwongozo wa nadharia, hesabu zake kabisa, huendi popote.