Trai kwenye duka la spea: uzoefu wangu na pygtrie na marisa-trie

Kwa wanaouliza kama trai (trie, muundo wa kuhifadhi data unaotawanyika kama matawi ya mti) ina kazi mtaani au ni ya mitihani ya chuo tu: kazi inayo, ila si kwa sababu inayotajwa sana. Wengi huisifia kasi. Mimi natunza programu ya stoo ya duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, na kasi haijawahi kutusumbua pale. Mpe kijana wa kaunta namba kamili, kamusi ya kawaida ya Python (lugha ya programu; kamusi yake hutafuta taarifa kwa namba uliyoipa) inamletea jibu kufumba na kufumbua. Tatizo ni kwamba wateja hawaji na namba kamili. Fundi yuko chini ya gari Tabata, anatuma picha ya boksi lililoloa oili, kisha anapiga: “Bosi, inaanza na 90919, huko mbele imefutika.” Hapo kamusi haina la kujibu. Inataka namba nzima.

Trai huhifadhi namba herufi kwa herufi, na namba zenye mwanzo mmoja hutumia njia moja mpaka pale zinapoachana. Chukua za Toyota. Pedi za breki za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, kwa hiyo 0446 huhifadhiwa mara moja tu na njia inagawanyika kwenye tarakimu ya tano. Filta nyingi za oili ni 90915, plagi na koili ni 90919. Nazo huongozana hadi 9091. Fundi wetu akishatoa tarakimu zake tano, programu inashuka hatua tano na kila kilicho chini ya hapo ndiyo majibu: 90919-01 plagi, 90919-02 koili. Muulize anataka ipi, yamekwisha. Namba ya tarakimu 10 ni hatua 10, stoo iwe na spea mia tano au laki tano.

Jambo moja ambalo maelezo mengi hulipita haraka ni alama ya mwisho. Baadhi ya spea, hasa za rangi, huongezewa herufi au tarakimu mbili mwishoni, hivyo namba fupi inakuwa imelala ndani ya ndefu. Bila alama ya kusema “hapa pia namba imekamilika”, programu haiwezi kujua kama ile fupi unayo stoo au ni njia ya kupita tu.

Sasa bidhaa zenyewe, yaani maktaba mbili za Python zinazokupa trai iliyo tayari: pygtrie na marisa-trie. Zote ni za bure, na nimezitumia zote dukani.

pygtrie imeandikwa kwa Python tupu, kwa hiyo haikusumbui kuisakinisha hata kwenye kompyuta ya zamani. Unaitumia karibu kama kamusi: unaongeza na kufuta wakati wowote, na kila namba unaipachikia bei na idadi. Kwa duka linalopokea mzigo kila mara, hiyo ndiyo raha yake. Angalia tu kwamba ukiomba namba zenye mwanzo ambao haupo, inarusha kosa badala ya kukupa orodha tupu. Lizuie mapema kwenye msimbo, maana kaunta watu hubofya vibaya kutwa nzima.

marisa-trie ni bahili wa memori kweli kweli. Trai ya kimazoea, yenye nafasi 36 za herufi na tarakimu kwa kila nodi (kituo kimoja kwenye njia), hula baiti 288 kwa nodi kwenye mashine ya biti 64, na nyingi ya nafasi hizo ni tupu. Dawa ya upotevu huo ni ya siku nyingi: trai zilielezwa na René de la Briandais mwaka 1959 na Edward Fredkin mwaka 1960, na kufikia 1968 Donald Morrison alishaonyesha namna ya kubana njia zisizo na matawi. marisa-trie inabana zaidi ya hapo. Ila ukishaijenga, haiongezwi kitu. Mzigo ukiingia unaijenga upya. Nimeiweka kwenye katalogi kubwa isiyobadilika, stoo ya kila siku nikaiachia pygtrie.

Niseme ukweli, kama una spea elfu chache, orodha iliyopangwa kwa mfuatano na kutafutwa kwa kugawa nusu kwa nusu inatosha, na msimbo wake ni mistari michache. Nisingemshauri mwenye duka dogo aanzie kwenye trai.

Na ikifutika mwanzo wa namba? Trai ya kawaida hapo haina msaada. Nimejenga ya pili yenye namba zilizogeuzwa nyuma mbele, ukiandika mwisho inakuletea. Kilichobaki ni O na sifuri. Hizo nazigeuza kuwa kitu kimoja kabla hazijaingia popote, kwa sababu kwenye boksi lenye oili hata mimi sizitofautishi.