Wembe wa babu na kinoo cha 1000/6000

Babu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, tangu Lubumbashi ikiitwa Élisabethville, na wembe wake wa kukunja ulikaa miaka mingi ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyumbani kwetu Katuba. Nilipoutoa mwaka huu, kutu ilikuwa imefunika hata chapa ya Solingen, mji wa Ujerumani unaojulikana kwa visu na nyembe.

Kulikuwa na wembe mwingine, wa baba mkubwa. Ule nilimpa mnoaji mmoja wa sokoni. Akauweka kwenye mashine, cheche zikaruka, ncha ikageuka buluu. Wembe wa chuma ukishafika rangi ile umeungua, ugumu wake umekwenda, na unoe utakavyonoa, makali hayadumu. Iliniuma sana. Huu wa babu nikasema hautoki nyumbani.

Kutu niliiondoa kwa msasa na mafuta ya cherehani: namba 400, kisha 600, 1000, mwisho 2000; namba ikipanda, chembe zinakuwa laini zaidi. Msasa niliuzungushia kizibo cha chupa, nikasugua kwa urefu wa wembe, makali nimeyafunika kwa utepe. Chapa niliipitia kwa kidole tu, maana herufi zikifutika hazirudi. Vishimo vyeusi karibu na mgongo nimeviacha; havidhuru kitu. Kishimo cha kuogopa ni kile kinachofika kwenye makali.

Kinoo chenyewe ni cha Kijapani, pande mbili, namba 1000 na 6000, shemeji alinichukulia Lusaka kwa dola 35. Upande wa 1000 unalowekwa majini dakika kumi hivi. Wembe unalazwa kabisa, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Mgongo ndio unaoshika pembe, huna haja ya kukisia. Unasukuma makali yakitangulia, na ukigeuza, geuza kwa mgongo. Karibu na ncha palikuwa na pengo dogo kama chembe ya mchanga. Lilinichukua jioni mbili. Mwanzoni jiwe lilikwaruza kwa sauti, na maji yalipita chini ya wembe pale penye pengo. Jioni ya pili sauti ikalainika, maji yakaanza kupanda juu ya wembe kwa urefu wake wote, toka kisigino, upande wa mpini, hadi ncha. Hapo nikajua makali yanagusa jiwe kila mahali.

Upande wa 6000 unang'arisha vizuri, ila peke yake haukunitosha: wembe ulivuta ndevu za kidevuni. Nilipaka dawa ya kijani ya kung'arishia vyuma kwenye ukanda wa ngozi, nikapitisha mara ishirini, mgongo ukitangulia, kisha mara hamsini kwenye ngozi tupu. Jumapili nilinyoa shavu lote bila kuwashwa.

Lawama yangu kwa kinoo hiki ni kwamba ni laini. Baada ya wembe mmoja tu, katikati palikuwa pamebonyea, na wembe haukai sawa juu ya jiwe lililobonyea. Nilikisawazisha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, na nitafanya hivyo kila mara. Kama wembe wako una mapengo makubwa, tafuta kwanza jiwe la kukwaruza zaidi. Kwa wembe uliopata kutu tu, ningekinunua tena.

Bibi aliushika, akaufungua na kuufunga mara tatu, akanirudishia bila neno. Sasa kila ninyoapo naukausha mpaka ndani ya mpini, naupaka tone la mafuta, na mvua za Novemba zikianza nitauweka kabatini, mbali na kopo lile.