Kliniki ya meno Upanga: walipima taya kabla ya kugusa meno

Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Keko. Naandika kwa sababu ya daktari mmoja wa kupanga meno aliyekaa na sisi karibu dakika arobaini akinielewesha mdomo wa binti yangu. Kliniki iko Upanga, ghorofa ya pili. Siku ile lifti ilikuwa mbovu.

Rehema ana miaka 14. Kidevu chake kimetangulia, kama cha bibi yake mzaa mama, lakini akiuma, meno ya mbele ya juu na ya chini yanakutana ncha kwa ncha. Kliniki ya kwanza tuliyokwenda, ambayo siitaji, walimmulika kwa tochi wakasema meno yamelala kidogo, watafunga waya wayanyooshe, tulete malipo ya awali. Hawakupiga picha wala kupima chochote. Sikati ubao hivyo, sembuse mdomo wa mtoto.

Upanga walianza na eksirei ya kichwa kwa ubavu. Daktari akachora mistari juu ya picha kwenye kompyuta. Meno ya mbele ya chini kwa kawaida husimama kama nyuzi 90 kutoka ukingo wa chini wa taya. Ya Rehema yalikuwa 80, yamelalia ulimi. Ya juu hukaribia nyuzi 110 kutoka usawa wa taya la juu. Yake yalifika 120, yameinamia nje, kwenye mdomo wa juu. Maana yake taya la chini limekwenda mbele kuliko la juu, na meno yakafidia: ya juu yakatoka kuyafuata ya chini, ya chini yakarudi kuyapokea.

Nikauliza meno yanajuaje. Akasema jino likiota linasukumwa na ulimi kwa ndani, midomo na mashavu kwa nje, na mfupa unaolishika hujijenga upya kufuata msukumo. Mdomo wa chini ukijikaza ili ufunge, unayarudisha meno ya chini. Hata magego ni hivyo: taya la juu likiwa jembamba, ya juu hulalia shavuni na ya chini hulalia ulimini.

Hapo nilielewa kabisa. Fremu ikienda mshazari, fundi huuranda mlango ufuate ule mshazari, nao unafunga. Ukija kuupiga mraba mlango peke yake, haufungi tena. Waya wa kule kwanza ungesimamisha meno wima, na ya chini yangetokeza mbele ya ya juu. Daktari alisema hilo hufanywa makusudi kwa mgonjwa atakayepasuliwa taya, naye huambiwa mapema kwamba kwa miezi kadhaa, kabla ya upasuaji, uso utaonekana umezidi kuharibika.

Rehema, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Kwa hiyo meno yangu siyo mabaya?" Daktari akageuza kiti akamtazama yeye, siyo mimi. "Yamekusaidia kutafuna miaka yote hii, mama."

Hatukufungwa waya. Taya bado linakua, kwa hiyo tutarudi baada ya mwaka kupiga eksirei nyingine, zilinganishwe. Tofauti ikibaki ndogo, waya peke yake unaweza kutosha; ikizidi, tunasubiri ukuaji uishe ndipo tuzungumzie upasuaji. Tulilipa elfu themanini, kumwona daktari na picha pamoja, na risiti tukapewa.

Mapokezi warekebishe. Tuliambiwa saa tatu asubuhi, tukaingia saa tano na nusu, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Mtoto alikosa vipindi vya siku nzima.

Mkienda, ombeni nakala ya eksirei. Hawatoi mpaka uulize. Ya Rehema nimeiweka kabatini na cheti chake cha kuzaliwa, tarehe ya kurudi nimeiandika juu ya bahasha.